Barabara Inayojua Mwisho Wake: Safari ya Gari Katika Mlima Meru

Miongoni mwa milima ya Tanzania upo mmoja ambao, kwa kuwa umejaaliwa kusimama jirani na Kilimanjaro, umezoea kutazamwa na watu ambao macho yao yanatafuta mlima mwingine. Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,562, ungekuwa fahari ya nchi nyingi za dunia kama ungekuwa wao. Lakini kwa kuwa upande wake wa mashariki kipo kilele cha Kibo chenye mita 5,895, wageni wengi washukao katika uwanja wa ndege ulio baina ya milima hii miwili huelekeza nyuso zao kule kulikokwisha kusifiwa, na sisi wananchi, kwa mazoea, hufuata nyuso za wageni. Kusudi la makala haya ni kumwomba msomaji ageuze uso wake upande wa pili.

Njia ninayoikusudia ni ile ya gari iliyomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo huanza katika lango la Ngongongare, hupita msitu wa Ngurdoto na maziwa ya Momela, kisha huupanda mlima wenyewe hadi Kitoto, mahali palipo kiasi cha mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Si njia ndefu: aliyeondoka mjini Arusha alfajiri aweza kuimaliza na kurudi kabla ya magharibi. Walakini katika ufupi huo yamo mambo ambayo safari za siku nyingi katika nchi tambarare hazina, kwa maana shamba la migomba na ziwa la magadi, mnyama wa uwandani na ndege wa msituni, kijito cha maji baridi na mwamba uliozaliwa na moto, vyote hufuatana kwa daraja, kila daraja ikiwa juu ya mwenziwe. Na fauka ya hayo, njia hii ina fadhila moja ambayo naiona adimu katika zama hizi zitakazo kila mahali pafikiwe na gurudumu: inajua mahali pa kukoma. Mara mbili humwambia msafiri kwamba gari limefika mwisho wake, na mara zote mbili kile kilicho mbele ya mwisho huo ndicho bora kuliko vyote alivyokwisha kuviona.

Nchi ya neema na gharama yake

Atokaye Arusha kwenda Moshi hupita Tengeru na Usa River katika nchi ya Wameru, ambayo kwa rutuba yake haina shubiri iliyoachwa wazi. Migomba huifunika mibuni, mibuni huyafunika maharage, na mifereji iliyochimbwa kwa jembe huteremsha maji kutoka mlimani, yakagawanywa kwa zamu baina ya jirani na jirani. Mvua ya mlima huu, kwa kuwa huletwa na pepo zitokazo Bahari ya Hindi, hunyesha zaidi pande za kusini na kusini-mashariki. Nyuma ya mgongo wa mlima nchi hubaki kavu, na huko ndiko yanakoanza malisho ya Wamasai.

Neema hiyo haikuja bila gharama. Si mbali na Usa River upo mto uitwao Maji ya Chai, uliopata jina hilo kwa rangi yake ya hudhurungi. Nao, sawa na mito na chemchemi nyingi za Meru, umechukua kutoka katika miamba ya volkano madini ya floridi kupita kiasi kimfaacho mwanadamu. Ndiyo sababu katika vijiji vingi vya pande hizi utawaona watu wazima na watoto ambao meno yao yamegeuka rangi ya kahawia, na wapo walioathirika hata mifupa kwa kuyanywa maji hayo miaka mingi. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu sifa isiyokuwa na insafu haimfai mlima wala msomaji. Meru ni mlima wa moto, uliotoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na mema yote yaliyo juu yake, pamoja na baadhi ya madhara, yametoka katika moto huo.

Baada ya Usa River gari huiacha barabara kuu, hukata kushoto kuelekea kaskazini, na baada ya mwendo mfupi hufika Ngongongare. Ndani ya lango hilo, kabla msafiri hajamaliza kufungua dirisha, hutokea uwanda mdogo wa majani uliozungukwa na miti, ambao watu wameuita Serengeti Ndogo kwa ajili ya pundamilia, nyati, ngiri na twiga walishao humo pamoja. Twiga ndio hasa wenyeji wa hifadhi hii. Kumwona mmoja wao akivuka njia bila kuharakisha hatua, nyuma yake ukiwa umesimama mlima mzima, ni kufahamu kuwa adhama haihitaji kelele.

Ukingo wa Ngurdoto

Kutoka uwandani njia hugawanyika, na ile ya mkono wa kulia huingia msituni kwenda Ngurdoto. Hewa hubadilika ghafula. Jua hukatwa na matawi, udongo huwa mweusi na wenye unyevu, na sauti za nje hubaki nje, isipokuwa mlio mzito wa hondohondo ambaye mabawa yake husikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana.

Katika mti mmoja uliokuwa kando ya njia tuliwakuta mbega, na dereva, kijana wa Kimeru mwenye adabu na maneno machache, akazima injini bila kuambiwa. "Tuwape nafasi, mzee," alisema. "Wakishauzoea ukimya wetu watashuka." Wakashuka. Mbega ana mwili mweusi, na kutoka mabegani mwake hushuka nywele nyeupe ndefu zifunikazo ubavu, na mkia wake huishia katika shungi jeupe zito. Hana kidole gumba. Mkono wake una vidole vinne virefu vilivyopinda, na kwa mkono huo hulishika tawi na kuliachia kwa wepesi ambao mwenye gumba hauwezi. Chakula chake ni majani, hata yale magumu ambayo nyani huyakataa, kwa kuwa tumbo lake limegawanyika vyumba, na ndani ya vyumba hivyo majani huchachushwa hata yakalainika. Ndiyo maana baada ya kula huketi kitako saa nyingi, akitazama mbali kwa utulivu ambao mtu angeudhania kuwa ni tafakuri. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto mweupe mwili mzima, kwa maana mbega huzaliwa bila weusi na rangi ya wazazi humjia baadaye. Mtoto yule aliponyosha mkono kuukamata mkia uliokuwa ukining'inia kutoka tawi la juu, mama alimrudisha kifuani bila kumtazama, akaendelea kutafuna.

Ngozi ya mnyama huyu iliwahi kuwa pambo la wazee na mashujaa, na baadaye ikawa bidhaa ya wafanyabiashara wa ng'ambo, hata katika misitu mingi akaadimika. Hapa amesalia kwa sababu msitu umesalia.

Ngurdoto yenyewe ni shimo la volkano iliyokufa, lenye kipenyo cha kiasi cha kilomita 3, ambalo kuta zake zimevikwa miti na sakafu yake ina majani mabichi na vinamasi. Njia huufuata ukingo, na mahali pa kutazamia pamepewa majina: Leitong, palipo juu kuliko pote, pengine palipoitwa kwa ajili ya mikindu iotayo hapo, na pengine palipoitwa kwa majina ya nyati, chui na faru. Asubuhi isiyo na mawingu, aliyesimama Leitong huwaona nyati sakafuni, wadogo kwa umbali, wakihama kutoka kinamasi hadi kinamasi kwa mwendo ambao jicho haliutambui mpaka lipumzike na kutazama tena.

Hapo ndipo ulipo mwisho wa kwanza. Hakuna gari la mgeni, wala mgeni aendaye kwa miguu, aruhusiwaye kushuka ndani ya shimo lile. Askari wa hifadhi tuliyemkuta ukingoni aliniamkia "Shikamoo, mzee," nami nilipokwisha kumwitikia nilimuuliza kama wageni hawaudhiki kwa kuzuiwa. "Huudhika, mzee," alijibu, "mpaka wakae kidogo. Mtu akitulia huona kwamba nyati wale hawana habari kuwa yupo. Kwingine mnyama hukutazama wewe, kwa sababu umemjia. Hapa wewe ndiye umtazamaye, naye yumo katika shughuli zake." Nimesoma maelezo mengi juu ya faida za hifadhi, lakini sikumbuki kuona hoja hii ikinenwa kwa uwazi kuliko alivyoinena kijana yule. Nyati asiyejua kuwa anatazamwa huonekana kwa ukweli wake, na ukweli huo haupatikani illa kwa mtazamaji kukubali kubaki mbali.

Yafaa ikumbukwe kwamba hifadhi hii ilipoanzishwa mwaka 1960 ilichukua jina la Ngurdoto, na Mlima Meru ukaongezwa mwaka 1967, ndipo likaja jina la Arusha. Katikati ya miaka hiyo, mwezi wa Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa katika mkutano uliofanyika mjini Arusha tamko juu ya wanyamapori, ambalo halipaswi kuchanganywa na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Katika tamko hilo alikiri kwa niaba ya nchi iliyokuwa inazaliwa kwamba viumbe hawa na pori lao ni amana mikononi mwetu, na kwamba wajukuu wa watoto wetu wana haki ya kuirithi. Amana, kwa mila yetu na kwa dini zetu, ni kitu ambacho mwenye kukishika hana ruhusa ya kukitumia apendavyo. Ukingo wa Ngurdoto ni mahali ambapo neno hilo limetekelezwa kwa vitendo: tumepewa kukitazama, hatukupewa kukikanyaga.

Maziwa yaliyozaliwa na maangamizi

Kutoka Ngurdoto njia huteremka kuelekea kaskazini hadi Momela, na msitu hufunguka kwa mara moja. Maziwa ni saba: Momela Kubwa na Momela Ndogo, Rishateni, Lekandiro, Kusare, Tulusia na El Kekhotoito. Maji yake kwa sehemu kubwa hutoka chini ya ardhi na ni ya magadi. Na kwa kuwa madini na mwani wa ziwa moja hutofautiana na wa jingine, mtu asimamaye juu ya kilima aweza kuona kwa mtazamo mmoja ziwa la kijani, ziwa la samawati, na ziwa ambalo rangi yake hubadilika kila wingu lipitapo.

Heroe, ambao wengi siku hizi huwaita flamingo, huja na kuondoka kwa kufuata hali ya chakula, na msafiri asiwadai kuwapo kila siku. Wanapokuwapo, inafaa kumchagua mmoja na kumtazama yeye peke yake. Huinamisha shingo mpaka kichwa kikageuka juu chini, mdomo wake uliopinda ukazama majini, kisha akaanza kutembea polepole huku ulimi ukivuta maji na kuyasukuma nje kupitia vichujio vyembamba vilivyomo mdomoni, hata yakabaki yale majani madogo ya majini ambayo jicho la mtu haliyaoni. Rangi yake ya waridi hutokana na chakula hicho.

Lakini ajabu ya Momela haiishii katika ndege. Ukiyatazama maziwa haya na vilima vidogo vidogo vilivyotapakaa baina yake, kisha ukainua macho kuuelekea mlima, utaona kwamba Meru haina upande wa mashariki. Kuta zake zimesimama kaskazini, magharibi na kusini, na mbele, upande ututazamao, pana uwazi mkubwa. Wajuzi wa miamba wanatufahamisha kuwa kiasi cha miaka 8,000 iliyopita ubavu ule wa mlima uliporomoka, ukamiminika kwa matope na mawe hata nchi za mbali zielekeazo Kilimanjaro, na kwamba vilima hivi ni mabaki ya ubavu huo, na maziwa haya ni maji yaliyokusanyika katika mabonde yaliyoachwa baina ya mabaki. Mtu aliyesimama ufukoni mwa Momela, basi, anaukanyaga mlima uliokuwa mbinguni. Maangamizi ya siku moja yamekuwa malisho ya heroe kwa maelfu ya miaka.

Mwaka 1887 Count Samuel Teleki wa Hungaria alipita pande hizi pamoja na Ludwig von Höhnel na msafara wa wapagazi wa Unguja na Mrima, mwongozi wao akiwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara mashuhuri wa Pangani. Teleki akastaajabia wingi wa viboko na faru. Viboko wapo hata leo. Faru hawapo: walimalizwa na majangili, na ule ukingo wa Ngurdoto ulioitwa kwa jina lao umebaki na jina pasipo mwenyewe. Baadaye sehemu kubwa ya Momela ilikuwa shamba la ng'ombe la familia ya Kijerumani ya Trappe, hata hifadhi ilipoanzishwa. Na waliotazama filamu ya Hatari! ya mwaka 1962 wameiona nchi hii ikiwa nyuma ya John Wayne, pengine bila kujua kuwa ni Tanganyika waliyokuwa wakiitazama.

Mpaka wa haki na mpaka wa dhuluma

Ipo habari nyingine ya ardhi hii ambayo haikutengenezewa filamu, na msafiri wa Kiswahili hana udhuru wa kuipita. Njia ya magari ipitayo hifadhini huendelea nje ya lango la Momela hadi Ngarenanyuki, nchi ya wakulima ambao nyanya zao hufika masoko ya mbali. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwaondoa kwa nguvu katika ardhi hiyo Wameru wapatao 3,000, ili ipewe walowezi wachache wa Kizungu kwa ufugaji. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wakaambiwa waende King'ori, mahali ambapo hawakupachagua.

Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha kwa senti na shilingi, wakamtuma Kirilo Japhet, naye mwaka 1952 akafika New York pamoja na wakili Earle Seaton, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, Mtanganyika wa kwanza kunena mahali pale, akaidai ardhi ya watu wake. Azimio walilolitaka halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, na kwa hesabu ya siku ile walishindwa. Lakini sauti ile ilisikika Tanganyika nzima, na miaka miwili baadaye, chama cha TANU kilipoanzishwa, dai la ardhi ya Meru lilikuwa limekwisha kuwafundisha watu wengi kwamba ukoloni waweza kuulizwa maswali mbele ya dunia. Uhuru ulikuja, walowezi wakaondoka, na leo wanaolima Ngarenanyuki ni Wameru.

Naileta habari hii katika makala ya matembezi kwa sababu nimesifu mipaka, na si kila mpaka wastahili sifa. Mpaka wa mwaka 1951 uliwekwa na wenye nguvu ili wachache wafaidi, na waliogharimika hawakuulizwa. Mpaka wa Ngurdoto humzuia kila mtu sawasawa, tajiri na maskini, mgeni na mwenyeji, na faida yake ni ya wasiozaliwa bado. Tofauti hiyo yapasa kukumbukwa na kila mwenye mamlaka ya kuchora mstari katika ramani ya nchi, kwa maana hifadhi ipendwayo na majirani zake huhitaji askari wachache, na hifadhi ichukiwayo haitoshelezwi na askari wowote. Mkulima wa Ngarenanyuki, ambaye mazao yake hukanyagwa na nyati usiku na maji yake yana floridi, ndiye jirani wa amana hii. Heshima anayotendewa yeye ndiyo itakayoamua kama mbega wataendelea kuwapo.

Kupanda Kitoto

Katika lango la Momela huanza sehemu ya tatu ya safari, na ndiyo inayostahili hasa kuitwa njia ya mlima. Gari lipandalo hapa liwe na nguvu katika magurudumu yote manne, kwa maana mawe yamechomoza, kona ni za ghafula, na mvua ikinyesha udongo wa majivu huteleza. Kila mita 1,000 za kupanda huondoa joto la takriban nyuzi 6, na msafiri huutambua ukweli huo kwa ngozi yake kabla ya kuutambua kwa hesabu.

Msitu wa huku ni mwingine. Mizeituni ya mwitu na mipodo hushika njia pande zote, na kadiri uendavyo juu huja mierezi mirefu yenye magamba mekundu, matawi yake yakiwa yamening'inizwa nyuzi za kijivu za kuvumwani, ambazo hukamata ukungu na kuudondosha tone kwa tone juu ya mizizi. Huo ndio mwanzo wa mifereji tuliyoiona chini. Mgomba wa Tengeru hunyweshwa na nyuzi hizi, na yeyote aukataye mwerezi wa Meru anafunga bomba la jirani yake.

Katikati ya mpando upo mti ambao kila dereva husimama mbele yake. Ni wa jamii ya mikuyu, ambao mbegu yake huachwa na ndege katika panda la mti mwingine, ikaota huko huko juu, ikateremsha mizizi kuuzunguka mti mwenyeji hata mizizi ikafika ardhini, ikanenepa, ikaungana, na mwenyeji akafa ndani ya kumbatio hilo na kuoza. Kwa kawaida hubaki shina lenye uwazi ndani. Lakini hapa mizizi ilishuka pande mbili, na kilichobaki ni lango kubwa la mti ulio hai, ambalo upana na kimo chake vyatosha gari kupita, na tembo hupita. Nilishuka nikaweka kiganja katika nguzo moja ya lango hilo. Gome lilikuwa baridi na laini, na mahali ambapo mzizi ulikutana na mzizi hapakuwa na ufa wala kovu; palikuwa na mkunjo mwembamba tu, na ndani ya mkunjo huo siafu walikuwa wakipanda kwa safu moja kuelekea juu.

Baada ya hapo njia hupita kando ya uwazi wa Itikoni, ambako nyati hupenda kulala, huvuka kijito cha Jekukumia, huyapita maporomoko ya Maio, na hatimaye hufika Kitoto. Geuka hapo utazame mashariki: maziwa yote ya Momela yamelala chini, nyuma yake zimeenea nyanda zilizokwisha kupoteza mipaka yake katika vumbi na mwanga, na juu ya hayo yote, bila kuonekana imeshikwa na nini, ipo theluji ya Kibo. Nadhani hakuna mahali pengi katika Afrika ambapo milima miwili mikubwa hutazamana kwa karibu namna hii, na mwanadamu akaruhusiwa kusimama kati ya macho yao.

Hapo Kitoto ndipo mwisho wa pili. Aendaye mbele huenda kwa miguu, akifuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa kuwa msitu una nyati na tembo. Njia ya miguu humwingiza katika tumbo la mlima, sakafuni mwa kreta ya Meru, ambapo ukuta wa mwamba husimama karibu mita 1,500 bila mteremko wa kupumzishia jicho, miongoni mwa majabali marefu kabisa ya bara letu. Na mbele ya ukuta huo, mweusi na mtimilifu, umekaa mlima mdogo wa majivu wenye kimo cha mita 3,667 juu ya bahari, ambao ni kazi ya moto uliokuja baada ya ubavu ule wa mashariki kuporomoka. Pande hizo pana mahali paitwapo Njeku. Wameru husimulia kuwa Njeku alikuwa mama mzee aliyejaaliwa uwezo wa kuiomba mvua ikanyesha, na kwamba nyakati za ukame wazee walikwenda huko, chini ya mwerezi mkongwe, wakatoa sadaka ya mtamba. Wazee hao hawakuwa na vipimo vya hali ya hewa, lakini walijua maji yao yanatoka wapi, wakapaendea mahali hapo kwa miguu na kwa taadhima.

Kwa atakaye kwenda

Miezi ya Juni hadi Oktoba ina njia kavu, na ile ya Desemba hadi Februari aghalabu huwa na anga safi ya kuiona Kilimanjaro. Mvua za masika, Machi hadi Mei, huifanya njia ya Kitoto kuwa ngumu. Yafaa kufika langoni mapema, kwa kuwa mawingu huanza kuufunika mlima kabla ya adhuhuri, na kuchukua vazi la joto hata kama Arusha kuna jua. Hii ni miongoni mwa hifadhi ambazo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu pamoja na askari, na katika Momela Ndogo kupiga kasia. Mwana wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio kwa shilingi, nacho ni kidogo mno kikilinganishwa na kile alipacho mgeni wa mbali. Basi familia, shule au jumuiya ya msikiti au kanisa ikikodi gari kwa pamoja, gharama hushuka hadi kiasi ambacho wengi hutumia katika sherehe moja ya mwisho wa juma.

Kila baada ya muda husikika rai kwamba barabara za hifadhi zirefushwe, zipanuliwe, zifike kila kilele na kila shimo, ili watu wengi wafike kwa urahisi. Sina ugomvi na urahisi pale unapomfaa mgonjwa, mtoto au mzee, na njia ya Meru kama ilivyo sasa inawatosha hao, kwa maana aliyeketi garini huona Ngurdoto, Momela na Kibo. Lakini sakafu ya Ngurdoto na tumbo la Meru ziachwe kama zilivyo, kwa kuwa thamani yake yote imo katika kutofikiwa na injini. Na wewe msomaji, ambaye pengine umeupita mlima huu mara nyingi ukiwa njiani kwenda Moshi au Nairobi, chagua siku moja ya mapumziko, wachukue watoto, kata kushoto baada ya Usa River. Nenda polepole, na pale njia itakapokwambia simama, simama.